Jinsi ya kupiga picha bata na ndege wa maji siku ya mvua Mtwara bila kuua kamera

Kila mwaka mvua zikianza huku kwetu naona watu wanaopenda picha za ndege wanafungia kamera kabatini mpaka mwezi wa 5, wanasubiri jua. Mi siku zangu nzuri kabisa za ndege wa maji zimekuwa siku za mvua, zile za Februari mpaka Machi mawingu yametanda toka alfajiri, mvua inakuja inakatika inarudi tena, upepo wa baharini unakupiga na nguo imelowa mpaka meno yanagongana, japo ukimwambia mtu wa Njombe kwamba Mtwara kuna baridi hakuelewi. Huku msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza mwezi wa 11 au wa 12 unaisha wa 4, na hiyo miezi ndo hiyohiyo ambayo ndege wageni kutoka Ulaya na Siberia wako pwani yetu. Wanafika kuanzia Septemba Oktoba, Aprili wanaondoka, sasa wewe uliyesubiri Julai yenye jua unafika wengi wao wako kaskazini ya dunia wanalea vifaranga.

Basi naandika ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, mtu akitaka kujaribu asianze gizani.

Hatua ya 1: chagua maji, ya chumvi au ya baridi

Hapa ndo wengi wanapokosea mapema, mtu anataka bata anaenda Msimbati baharini, anakaa masaa matano anarudi na picha za shakwe. Bata wetu wengi hawana haja na bahari, wanataka maji baridi yenye majani, matope na mbegu. Kwa bata nenda mabonde ya mpunga na madimbwi ya msimu kuelekea Mto Ruvuma upande wa Kilambo, au Ziwa Kitere, na kama uko Lindi kuna Ziwa Rutamba pale jirani na msitu wa Litipo. Kwa kitwitwi, sululu, kulasitara na ndege wa kwenye mikoko nenda Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hii ilianzishwa 2000, ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 650 na theluthi hivi ni nchi kavu, yani unapata mikoko, mchanga, vijiji na mdomo wa mto vyote humo. Watu wa Lindi mjini nyie mna bahati maana mikoko ya ghuba yenu na mdomo wa Mto Lukuledi unauona ukiwa mjini kabisa.

Kitu cha kujua kuhusu bata wakati wa mvua, wanatawanyika. Kiangazi maji yakibaki sehemu chache wanajazana pamoja unaweza kuona kundi kubwa ziwani, mvua ikinyesha kila kidimbwi ni nyumba, kwa hiyo usitegemee makundi makubwa. Unachopata badala yake ni bata wawili wawili, bata wanaotafutana, na yule bata mwenye nundu juu ya mdomo, dume lake nundu inakua kubwa msimu huu wa kuzaa, ni picha ambayo kiangazi huipati.

Hatua ya 2: soma maji ya bahari kabla hujasoma mvua

Kama umechagua bahari, hii hatua ndo inaamua siku yako yote, kuliko kamera, kuliko lensi. Maji yakiwa yamekupwa ndege wametapakaa kwenye matope mbali huko, unawaona kama punje za pilipili manga. Maji yakianza kujaa yanawasukuma wao wenyewe waje pwani, wewe kazi yako ni kuwa umeshakaa pale wanapokuja.

Huku kwetu siku za bamvua, yani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa mida ya saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa mida ya saa 4 asubuhi. Tofauti ya kupwa na kujaa inazidi mita 3. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50 hivi. Maji mafu yanajaa kidogo tu, mchanga haufunikwi wote, ndege hawana sababu ya kuhama, kwa hiyo kwa picha mi maji mafu siendi kabisa labda nakwenda kutembea. Mpango wangu ni bamvua, nafika saa 6 mchana, nimekaa kimya kufika saa 7, kuanzia hapo mpaka saa 9 na nusu ndo kazi. Masaa ya katikati ndo maji yanakuja kwa kasi, kwa hiyo angalia nyuma yako kuna nini, vijito vya kwenye mikoko vinajaa kabla ya mbele yako na unaweza kujikuta umezungukwa na maji huku una kamera mkononi.

Kama hujui ndege wanakimbilia wapi maji yakijaa, waulize kina mama wanaotoka kuchokoa pweza. Mara ya kwanza mimi nilimsalimia bibi mmoja Msimbati, shikamoo bibi, nikamuuliza hawa ndege weupe maji yakija wanaenda wapi, akaninyooshea kidole kwenye ulimi wa mchanga nyuma ya mikoko ambao nilikuwa nimeupita mara tatu. Yeye yuko pale kila bamvua miaka yote, programu ya simu haiwezi kujua hiyo.

Na mvua je? Angalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), mvua ya kawaida sio tatizo, ila wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa au kimbunga kaa nyumbani. Pwani hii sio kwamba haiguswi, Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952 na Kenneth ya 2019 ilipita hapo jirani tu Msumbiji. Radi zikianza toka kwenye uwazi wa mchanga, na usijifiche chini ya mnazi uliosimama peke yake.

Hatua ya 3: ruhusa

Hii fupi. Ghuba ya Mnazi ni hifadhi, pita ofisini kwao Mtwara ulipe kiingilio kwa namba ya malipo na uwaambie unaenda kupiga picha. Beba kitambulisho chako cha NIDA maana ni eneo la mpaka, na ukifika kijijini jitambulishe kwa mwenyekiti. Mitambo ya gesi Madimba na Msimbati usiielekezee kamera hata kama kuna furukombe amekaa juu yake.

Hatua ya 4: mwili wako kwanza

Mtu aliyelowa na anayepigwa na upepo anatetemeka hata kwenye nyuzi 24, na mtu anayetetemeka hapigi picha. Koti la mvua la kijani iliyofifia au kahawia, sio lile la njano la kung'aa. Mwavuli acha nyumbani, ukifunguka tu ndege wote wameondoka. Ndani usivae jinsi, ikilowa haikauki leo wala kesho, vaa suruali nyepesi ya kitambaa chembamba. Fulana moja kavu na kikoi viwe ndani ya ndoo (nitaielezea hiyo ndoo), katikati ya siku badilisha, utajisikia umezaliwa upya.

Miguuni kuna mabishano. Kwenye mpunga gambuti ni sawa. Kwenye matope ya mikoko gambuti linanasa, unavuta mguu linabaki, kwa hiyo mi navaa raba za zamani za kufunga kamba, nazikaza kweli, na soksi ndefu. Peku usithubutu, maganda ya chaza kwenye mizizi ya mikoko yanachana kama wembe.

Chupa ya chai ya tangawizi ya moto, chapati, mihogo ya kuchemsha, korosho kwenye mfuko wa koti. Kula kidogo kidogo kila saa, usisubiri njaa maana njaa inaleta baridi.

Hatua ya 5: ndoo

Begi za kuzuia maji zinauzwa bei ya kutisha na huku kuzipata ni shida. Mi natumia ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, ile ya rangi ya nyumba, nimeiosha vizuri, ndani nimeweka sponji ya godoro nimeikata kwa umbo la kamera. Inaelea ikidondoka majini, haiingizi mvua, na ukichoka ni kiti chako. Chini yake tupia vile vipaketi vidogo vya punje punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu, usiweke mchele watu wanasema unasaidia ila vumbi lake linaingia kwenye vitundu.

Kamera ikiwa nje, ifunike na kipande cha turubai jepesi, toboa tundu la lensi, funga kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kama lastiki. Kofia ya lensi (ile pete inayochomoza mbele, sio kifuniko) iwe mbele muda wote, ndo inayozuia matone kugusa kioo, na elekeza lensi chini kila unapopumzika. Kwenye mfuko wa shati weka vitambaa vitatu laini, sio kimoja, cha kwanza kitalowa ndani ya dakika 20.

Na hili nimejifunza kwa uchungu. Nililala nyumba ya wageni yenye kiyoyozi, alfajiri nikatoka na kamera ya baridi kwenye hewa ya nje yenye joto na unyevu, kioo kikajaa mvuke nje na ndani, nikakaa zaidi ya nusu saa naangalia bata wenye uso mweupe wako mbele yangu kama hatua 30 na siwezi kupiga hata picha moja. Sasa kamera inalala ndani ya ndoo iliyofungwa, asubuhi naitoa ndoo nje ikiwa imefungwa hivohivo, naisubiri kama dakika 40 ipate joto la nje ndo nafungua.

Hatua ya 6: kumsogelea ndege

Ndege wa maji anakuona kabla hujamuona, hilo kubali. Siri ni kwamba usimfuate, mwache aje.

Kwenye mabonde ya mpunga kodi bajaji nusu siku. Kweli kabisa, bajaji yenye maturubai ya pembeni ya mvua. Ndege wengi hawaogopi chombo kama wanavyomuogopa mtu mwenye miguu miwili, dereva anasimamisha kando ya bonde, anazima injini (asipozima picha zote zitatikisika), unaacha upenyo kwenye turubai unatoa lensi. Mwambie dereva mapema kwamba mtakaa hata lisaa bila kwenda popote, mlipe vizuri na mkaribishe chai, maana akichoka ataanza kupiga simu kwa sauti na kazi imeisha. Njia ikiwa imeharibika sana na mvua bajaji inakwama, hapo muulize mtu wa huko kabla hujatoka lami.

Kwenye mchanga na mikoko fika mapema, kaa chini, usisimame. Mvua hapa inakusaidia kwa sababu mlio wake unafunika sauti za miguu na watu wengine wako majumbani. Ukilazimika kusogea, usiende moja kwa moja, pita kiupande kama mtu anayeenda zake, hatua tano simama, usimkazie macho. Angalia shingo. Bata wenye uso mweupe wakitulia shingo ziko chini au kichwa kimefichwa mgongoni, wakianza kushtuka wote wanasimamisha shingo juu kwa pamoja kama vijiti. Hapo simama. Shingo zikishuka endelea, zisiposhuka rudi nyuma hatua kumi. Ukisikia ule mluzi wao wa sauti tatu na wameanza kupiga piga mbawa basi umeshavuka mpaka.

Hawa wageni wa kutoka Siberia mwezi wa 3 na wa 4 wanakula usiku na mchana ili wapate mafuta ya safari. Kila ukiwarusha wanatumia nguvu waliyoitafuta siku nzima, na maji yakiwa yamejaa hawana pa kutua tena. Kwa hiyo kukimbiza kundi ili upate picha ya ndege wakiruka, mi naomba sana msifanye, wataruka wenyewe tai akipita.

Jambo la usalama, Ruvuma ina mamba na viboko. Usikae ukingoni mwa mto wala kulala kifudifudi pale majani yanapoangukia majini hata kama picha inadai hivo. Uliza wenyeji, wasiposema panafaa hapafai.

Hatua ya 7: mipangilio ya kamera

Mwanga ni hafifu, usiogope kupandisha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga). Picha yenye chembechembe bado ni picha, iliyotikisika futa. Ndege ametulia shata (kasi ya kamera kupiga, kwa sekunde) 1/250 inatosha ukiwa umeegemeza lensi kwenye kifuko cha mchanga mkavu au maharage, akitembea 1/640, akiruka 1/1600 na kuendelea. Acha ISO ipande yenyewe mpaka 3200 au 6400.

Mvua nayo ni sehemu ya picha. Ukitaka ionekane mistari mistari mirefu shusha shata mpaka 1/125 au chini kidogo na utafute ndege aliyetulia mbele ya mikoko ya giza, mbele ya anga jeupe mvua haionekani kabisa. Ukitaka matone yasimame hewani panda 1/1000.

Mawingu yanadanganya kamera. Ndege mbele ya anga jeupe anatoka mweusi, ongeza mwanga hatua moja (+1 kwenye kamera). Yangeyange mweupe kwenye matope ya giza anaungua, yani anatoka mweupe mtupu, punguza theluthi mbili ya hatua. Hifadhi kwa RAW (faili ghafi ya picha) kama kamera yako inaweza. Na shuka, lensi iwe usawa wa jicho la ndege, hapo ndo picha inabadilika kabisa, ukipiga ukiwa umesimama utapata mgongo wa bata na maji basi.

Kama una simu tu na darubini, weka kamera ya simu kwenye jicho la darubini, ishikilie kwa mpira ule wa baiskeli, piga video kisha uchukue picha kutoka humo. Nimeona picha nzuri za mdiria zilizopigwa hivo.

Hatua ya 8: nini cha kusubiri

Bata ana tezi ya mafuta juu ya mkia, anajipaka kwa mdomo, mvua inateleza juu yake, kwa hiyo wakati wa mvua yeye anaendelea na maisha. Subiri anapojipaka halafu anajikung'uta, matone yanaruka pande zote. Mbizi mambo ni tofauti, manyoya yake yanalowa ndo maana anazama vizuri, mvua ikikatika utamkuta juu ya kisiki kafungua mbawa zote mbili anakausha, na mnandi hivohivo. Zile dakika 10 za kwanza baada ya mvua usiwe unakunywa chai.

Kwenye mayungiyungi tafuta bata mdogo kuliko wote Afrika, dume ana uso mweupe, kijani shingoni na ubavu wa rangi ya chungwa, anajificha katikati ya maua na anapenda mbegu zake. Hapohapo kuna yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani, baba ndo analea, mvua ikizidi anawakusanya watoto chini ya mbawa na unaona vimiguu vinaning'inia. Kwenye majaruba korongo mwenye mwanya katikati ya mdomo anatoa konokono. Kwenye maji mafupi ya mikoko kulasitara mweusi anakunja mbawa mbele kama mwavuli kuweka kivuli samaki waje, inachukua sekunde mbili tatu tu, weka kidole tayari.

Na kwenye mchanga wa Ghuba ya Mnazi ukimuona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi anapasua kaa, tulia, huyo anazaliana huko Uarabuni na pembe ya Afrika, anachimba shimo mchangani kama panya anataga yai moja tu jeupe. Yai moja kwa msimu, fikiria.

Majina kama yanakuchanganya pakua Merlin (programu ya simu ya kutambua ndege) ukiwa mjini na pakiti yake, inafanya kazi bila bando.

Hatua ya 9: ukirudi

Kabla hujaoga, kamera. Kitambaa kilichoguswa na maji yasiyo na chumvi kidogo futa chumvi yote mwili wa kamera na lensi, kisha kitambaa kikavu. Toa betri na memori kadi, acha vifuniko wazi kwenye chumba chenye feni, sio juani na sio kwenye kiyoyozi. Lensi yenye unyevu ukiifungia kabatini inaota kuvu ndani na hiyo haitoki kirahisi. Viatu jaza magazeti.

Alafu andika umeona nani, wangapi, wapi, saa ngapi na maji yalikuwaje, weka eBird (mtandao wa kumbukumbu za ndege). Ndege wa maji wanahesabiwa duniani kila Januari tangu 1967, na kona yetu hii ya kusini watu wanaoandika ni wachache mno, orodha yako ya siku moja ya mvua ina thamani. Kiota ukikikuta usiweke mahali kilipo.

Mi bamvua inayokuja saa 6 mchana niko Msimbati kwenye ule ulimi wa mchanga wa bibi, inyeshe isinyeshe, nafasi kwenye bajaji bado ipo moja.